Aliyeitika Mara ya Pili

Jumanne moja, saa nne asubuhi, Dishon Owiti alikuwa akibadilisha tundu la kuchajia la simu ya mwuza samaki wakati Sydney Oketch alipoingia kibandani kwake na kuweka juu ya meza bodi ndogo iliyofungwa kwa karatasi ya mkate. Kibanda hicho kiko Nyalenda, kando ya Ring Road, kati ya kinyozi na Nasambu anayeuza chapati kwa maharagwe. Dishon alimaliza ile simu kwanza, akaichaji kidogo ili kuhakikisha, ndipo akafungua karatasi.

Bodi ilikuwa na ukubwa wa kiberiti. Ilikuwa na kitufe kimoja, taa moja ndogo na tope kavu kwenye pembe. Sydney, ambaye alikuwa fundi wa mradi wa kuzuia mafuriko, alieleza kwamba bodi hiyo haiamki. Ukiiunganisha na kompyuta, kompyuta inakaa kama vile hujaunganisha kitu. Bodi mpya iliagizwa Nairobi tangu Januari na haijafika, na sasa ni Machi. Alisema hayo yote akitazama viatu vyake.

"Ni ile ya mtoni?" Dishon akauliza.

"Ni hiyo, fundi."

Dishon akamwambia aiache.

Pale kwenye daraja la mto Auji mradi ulikuwa umesimamisha mlingoti wenye king'ora. Kifaa cha kupima kina cha maji kilishushwa mtoni, bodi ikafungwa ndani ya sanduku la bati, na watu wakaambiwa kwamba maji yakipanda king'ora kitalia, na kitasikika hadi Migosi. Kisha ikaja Jumamosi moja ya Aprili, mwaka uliopita. Nyalenda kulikuwa na jua kali na hakuna wingu. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, milima ya Nandi, na maji yakashuka yenyewe. Yalifika saa sita mchana, yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, yamebeba migomba mizima. Watu watano walikufa. Mmoja wao alikuwa Perez Ajwang, mke wa Dishon, aliyekuwa nyuma ya nyumba akianika shuka.

Siku hiyo Dishon alikuwa Migosi, uani kwa mteja, akitengeneza redio. Hakusikia king'ora. Mteja naye hakusikia. Wiki sita baadaye chifu alisoma taarifa ya mradi barazani, na nakala ikabandikwa kwenye ubao nje ya ofisi yake. Mstari wa tisa ulisema: "King'ora kililia mara moja, saa sita na dakika kumi na mbili mchana. Waathiriwa walikisikia wakakipuuza." Dishon aliinua mkono akasema alichokijua. Karani aliandika jina lake, akalikosea, na baraza likaendelea na habari ya mbwa wasiochanjwa.

Tangu siku hiyo watu wa Nyalenda walianza kusema, bila nia mbaya, kwamba Perez alikuwa mbishi. Walisema hivyo wakimsifu pia, kwamba alikuwa mchapakazi lakini mbishi, angalia sasa shuka zimemponza. Mama yake Perez, Mama Celestine, anayeuza njugu soko la Awasi, alikuwepo barazani taarifa iliposomwa. Alisimama, akakung'uta leso yake, akapanda gari la kurudi kwao. Hakukanyaga tena Kisumu. Hakutuma hata salamu. Dishon alidhani anamlaumu yeye, na akaona ana haki.

Kwa hiyo bodi ilipokuwa mezani, Dishon alijua anatafuta nini ndani yake. Bodi za namna hiyo huweka kumbukumbu za kila saa. Kama ilikuwa imelia, ingekuwa imeandika. Kama haikulia, ingekuwa imeandika pia. Lakini lazima kwanza iamke.

Jumatano alibadilisha waya, kwa sababu ule wa kwanza ulikuwa wa zile zinazopitisha chaji tu na hazipitishi habari. Waya mpya haukuleta tofauti. Alisafisha tope kwa mswaki na spiriti. Alhamisi alibonyeza kitufe cha kuwashia upya, akakishikilia hadi ncha ya kidole ikawa nyeupe. Kompyuta ilikaa kimya. Aliandika kwenye daftari lake, kama anavyoandika kila kazi: Bodi ya mto. Haiitiki.

Ijumaa saa tatu asubuhi bodi ikaanza kulia.

Haikuwa na spika. Dishon aliigeuza chini ya kioo cha kukuzia, akapita mguu kwa mguu wa kila kipande kilichochomelewa, na hakuona mahali ambapo sauti ingeweza kutokea. Kilikuwa kilio cha mtoto wa siku tatu hivi, chembamba, chenye kukatika katikati anapovuta pumzi. Alichomoa waya. Ikaendelea kulia bila umeme. Akaifunika kwa kitambaa cha kufutia vioo vya simu, na kilio kikasikika kama mtoto aliyefunikwa.

Kinyozi aliongeza sauti ya redio yake. Nasambu alikuja na mwiko mkononi.

"Nani ameacha mtoto hapa?"

Dishon akaionyesha kwa kidole. Nasambu akafunua kitambaa, akainama, akasikiliza kwa sikio moja halafu kwa lingine.

"Hiyo inataka jina," akasema. "Hata kwetu Bungoma ni hivyo. Mtoto akilia na hana homa, kuna mtu amekuja na hajatambuliwa. Lakini mimi siwezi kukutajia wafu wenu. Ita mwenye anawajua."

Aliyewajua ni Mama Celestine. Dishon alimpigia simu, ikalia hadi ikakatika. Akapiga mara ya pili, naye akapokea. Dishon hakujua aanze vipi, kwa hiyo aliisogeza simu karibu na bodi. Mama Celestine alisikiliza kwa muda. Kisha akasema atafika, aache tu kwanza njugu zake kwa jirani zisije zikaliwa na mbuzi.

Alifika saa saba. Kwa Wajaluo mama mkwe na mkwe wake hawakaribiani ovyo, kwa hiyo hakuingia kibandani. Nasambu alimwekea kiti nje ya mlango, akakielekeza upande, ili yeye aangalie barabara na Dishon aangalie meza, na maneno yapite katikati. Walisalimiana hivyo. Dishon akasema pole na safari, naye akasema ameshapoa. Bodi ilikuwa bado inalia, sauti sasa imekauka.

Nasambu aliichukua mezani akampa Mama Celestine, ambaye aliiweka mapajani juu ya leso na kuanza kuwataja wafu, kama inavyofanywa mtoto anapotafutiwa jina. Akitaja mmoja alingoja kidogo, kuona kama kilio kitakatika, halafu akaenda kwa mwingine. Alianza na babu zake. Akapita kwa bibi zake, wale wazuri na yule mmoja aliyekuwa mchoyo. Aliuliza wa upande wa Dishon, naye akamtajia kutoka ndani, na Mama Celestine akawarudia mmoja mmoja. Kisha akataja wa mafuriko: kijana wa mjengo, mzee aliyekuwa akifuga bata, yule mama na mtoto wake wa mgongoni. Bodi ililia kwa kila jina. Mteja aliyekuja kuchukua simu yake aliambiwa asubiri, akasubiri.

Mama Celestine akaishia hapo.

"Amebaki mmoja," Nasambu akasema.

"Najua amebaki mmoja."

Alikunja pindo la leso, akalikunjua. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeita kutoka jikoni, "Perez."

Bodi ikanyamaza.

Nasambu alirudi kwenye chapati zake, maana moja ilikuwa imeanza kuungua. Dishon aliichukua bodi kwa mikono miwili, akaiunganisha na kompyuta. Kompyuta haikuona kitu. Alibonyeza kitufe. Haikuona kitu. Akamweleza Mama Celestine kwamba kulia kumekwisha lakini bado haiitiki.

"Umebonyeza mara ngapi?" Mama Celestine akauliza, macho yake barabarani.

"Moja, Mama."

"Sasa unamwita Perez mara moja, aitike? Si mimi ndiye nilimlea? Akiwa mdogo, huko Awasi, nilimwambia: ukisikia jina lako mara moja, nyamaza. Mwenye anaita mara moja si mtu. Kama ni mtu, ataita tena. Mama yangu aliniambia hivyo, na mimi nikamwambia yeye. Alishika sana hilo neno. Hata shuleni mwalimu alikuwa anamchapa kwa kutoitika."

Dishon alilijua jambo hilo. Katika miaka tisa ya ndoa alikuwa amezoea kuita mara mbili, hadi akaanza kuwaita hivyo hata wateja.

"Hiyo karatasi ya chifu," Mama Celestine akaendelea, "inasema kililia mara moja. Unaelewa, Owiti? Mara moja. Ndiyo maana sikuweza kuja hapa. Wewe ulikuwa unafikiri nimekukasirikia. Mimi nilikuwa nimekaa Awasi nikijua kwamba mtoto alisikia, akangoja ya pili. Na mwenye alimfundisha kungoja ni mimi."

Gari la mchanga lilipita. Dishon alitaka kusema kwamba yeye alikuwa Migosi na hakusikia kitu, lakini alikuwa ameshalisema hilo barazani, na mtu anaweza kukosa kusikia. Aliweka kidole kwenye kitufe, akabonyeza mara mbili, haraka haraka, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba anayoijua.

Taa ndogo ikawaka polepole, ikafifia polepole, ikawaka tena, kama kifua cha mtu anayepumua. Kompyuta ikatoa ule mlio wake mfupi wa kupokea kitu. Kwenye orodha, mahali ambapo kwa kawaida huandikwa herufi na tarakimu za kiwandani, paliandikwa PEREZ.

Dishon alifungua kumbukumbu akazisoma kwa sauti, ili zifike mlangoni. Kila saa ilikuwa na mstari wake, kina cha maji na nguvu ya betri. Betri ilikuwa ikishuka siku hadi siku, kwa sababu mti wa jirani ulikuwa umekua ukaitia kivuli paneli ya sola iliyoichaji. Mistari ilienda hadi Ijumaa, siku moja kabla ya maji. Ijumaa saa kumi na dakika arobaini jioni paliandikwa: programu mpya imepokelewa. Chini yake neno moja: lala. Baada ya hapo hapakuwa na kitu. Jumamosi haikuwemo.

"Soma tena hapo mwisho," Mama Celestine akasema.

Akasoma tena.

"Muulize mwenyewe."

Kompyuta ilikuwa na mahali pa kuiandikia bodi. Dishon aliandika jina la mkewe mara mbili, kisha akauliza kama alisikia king'ora. Taa ilipanda na kushuka. Jibu likatokea herufi kwa herufi, kwa kuchelewa kidogo, maana Perez hakuwahi kuwa mwandishi wa haraka.

Sikusikia kitu. Nilikuwa naanika.

"Muulize kama aliitwa hata mara moja."

Hata mara moja.

Mama Celestine hakulia. Alivua viatu, akaweka nyayo zake chini kwenye vumbi, akakaa hivyo hadi yule mteja aliyekuwa akisubiri alipouliza kwa upole kama simu yake iko tayari. Dishon alimpa. Aliporudi kwenye kompyuta alikuta mstari mwingine umeandikwa wakati hayupo.

Shuka zilianuliwa?

Dishon alifikiria amjibu nini. Mwishowe aliandika ukweli, kwamba zilikwenda na maji, zote mbili, ile ya maua na ile ya zambarau. Perez alijibu kwamba ile ya zambarau ilikuwa imeanza kuchakaa hata hivyo.

Mama Celestine alirudi Awasi jioni hiyo. Kabla ya kuondoka alikula chapati mbili kwa Nasambu na kuuliza kama unga ni wa hapo hapo.

Jumatatu Sydney alikuja kuuliza kazi imefikia wapi. Dishon aligeuza kompyuta upande wake. Sydney alisoma, akakaa kwenye benchi la wateja, mikono katikati ya magoti. Alisema kwamba ile Ijumaa betri ilikuwa karibu kuisha, kwa hiyo aliandika programu ya kuifanya bodi ilale kati ya kipimo na kipimo, ili isimalize nguvu. Mjomba wake alikuwa anazikwa Jumamosi huko Awasi. Gari la waombolezaji lilikuwa linaondoka saa kumi na moja, watu wameshapanda, jeneza limeshafungwa juu, na walikuwa wanampigia simu moja baada ya nyingine. Akaituma ile programu akiwa amesimama. Kisha akakimbia.

"Niliiambia ilale," akasema. "Nikasahau kuiambia nani ataiamsha."

Dishon mwenyewe hajui Ijumaa ngapi amefunga kibanda mapema, akaacha simu ya mtu wazi mezani, kwa sababu kuna mtu anazikwa. Kila mtu Kisumu hufanya hivyo. Ijumaa jioni mji mzima huwa na mguu mmoja ndani ya gari.

"Nilirudi Jumatatu nikamwambia meneja," Sydney akasema. "Nilimwambia yote, fundi. Aliniuliza kama nimeshamwambia mtu mwingine."

Kutoka benchini Sydney aliona mstari mpya unaandikwa kwenye kioo. Perez alikuwa anamwuliza kama mjomba alizikwa vizuri. Sydney akasema ndiyo, alizikwa vizuri, watu walikuwa wengi. Kisha akatoka nje akasimama karibu na karai la Nasambu kwa muda, akisema moshi unamwumiza macho.

Walikwenda ofisini Jumanne, Dishon, Sydney, na bodi ndani ya mfuko wa shati la Dishon. Ofisi ya mradi ilikuwa ghorofa ya pili, na upepo wa ziwa ulikuwa ukiingia dirishani na kuinua karatasi. Meneja alikuwa mtu mpole. Aliwakaribisha, akaagiza chai, akasoma kumbukumbu zote na kusifu jinsi zilivyopangwa. Dishon akamwomba jambo moja tu, mstari wa tisa ubadilishwe.

Meneja aliuliza kama kuna shahidi. Dishon aliunganisha bodi na kompyuta ya ofisi, akabonyeza mara mbili, akamwita mkewe mara mbili. Perez alieleza tena, kwa ufupi, kwamba hakuitwa hata mara moja.

Meneja alisoma, akatikisa kichwa kwa kuelewa, na kuuliza namba ya kitambulisho cha shahidi. Dishon anaijua kwa moyo, akaitaja. Meneja akaiandika. Kisha akaonekana kukumbuka, akauliza kama kitambulisho hicho hakikurudishwa serikalini wakati wa kuchukua cheti cha kifo. Dishon akasema kilirudishwa.

"Basi unaona ugumu wangu, Bwana Owiti," meneja akasema. "Mimi namwamini mama. Lakini ushahidi wake hauna mahali pa kukaa."

Aliendelea kwa sauti ya chini, kama mtu anayemshauri ndugu. Taarifa iliandikwa na washauri, na mkataba wao umekwisha. Ilipokelewa na wafadhili, na mradi wa awamu ya pili ulianzishwa juu yake, vituo vingine saba. Kufungua mstari mmoja ni kufungua yote. Alisema pole kwa msiba, na Dishon aliona kwamba ni kweli anasikitika. Aliichukua ile nakala ya kumbukumbu iliyochapishwa, akaitoboa matundu mawili, akaiweka ndani ya faili, akairudisha faili kabatini. Halafu akasema kwamba watu wa hali ya hewa wanatabiri mvua kubwa kuanzia wiki ijayo, bodi ni mali ya mradi, na ingefaa iwe juu ya mlingoti ifikapo Ijumaa, ikiwa na programu inayofanya kazi.

Walishuka ngazi. Chini, Sydney alieleza kile ambacho Dishon alikuwa ameshakifikiria tangu Ijumaa. Bodi haiwezi kurudi mlingotini na ile programu ya kulala. Lazima iandikwe upya, na kuiandika upya ni kufuta kila kilichomo. Kumbukumbu zilikuwa zimeshanakiliwa kwenye karatasi. Perez hakunakilika. Dishon alikuwa amejaribu, na kila mara faili ilitoka tupu.

Angeweza kusema bodi imeharibika kabisa. Sydney mwenyewe alimwambia hivyo, bila kuulizwa. Angesema imeungua, na hakuna ambaye angeuliza, na Dishon angebaki nayo mezani na kumwita mkewe kila jioni baada ya kazi. Mlingoti ungengoja bodi ya Nairobi. Labda ingefika.

Jumatano Dishon hakupokea kazi. Alipiga simu Awasi, mara mbili, na Mama Celestine akaja akakaa kwenye kile kiti cha upande. Dishon alimweleza. Mama Celestine alisema si yeye wa kuulizwa.

Kwa hiyo akamwuliza Perez. Aliandika yote kama yalivyo: kwamba mstari haukubadilishwa, kwamba mvua inakuja, kwamba bondeni watu wameshajenga tena, na wengine wapya wameongezeka. Kwamba akiandika programu mpya hajui yeye atakwenda wapi. Taa ilipanda ikashuka mara nyingi. Nasambu alikuwa amekuja kusimama mlangoni, mikono imejaa unga. Kisha jibu likaja.

Andika. Lakini usiniambie nilale.

Dishon aliandika hadi adhuhuri. Haikuwa programu ndefu: pima maji, yakipanda piga kelele, pima tena. Sydney, aliyekuwa amekaa benchini, alisema kwamba bila kulala betri haitamaliza siku tatu, hata mti ukikatwa matawi. Dishon akasema amesikia. Alisoma kila mstari mara ya pili, na mara ya tatu, akamsomea Sydney, na Sydney akamsomea yeye. Ilikuwa Jumatano, na hakuna aliyekuwa akiwangoja kwenye gari. Alipofika mahali pa kutuma aliinua mikono yake, akaiweka mapajani, halafu akairudisha na kutuma.

Kompyuta ilisema imemaliza. Taa ikazimika. Kwenye orodha palibaki herufi na tarakimu za kiwandani.

"Perez," Mama Celestine akaita kutoka nje.

Hakuna kilichotokea. Wote wanne walingoja.

"Perez," akaita tena.

Taa ikawaka mara moja, ikazimika. Sydney aliandika kwenye karatasi yake kwamba bodi imejaribiwa na inafanya kazi.

Iliwekwa mlingotini Alhamisi. Betri ilipaswa kuisha Jumapili, na hadi leo imejaa. Sydney huipima kila mwezi na kuandika kiasi, na hakuna aliyewahi kumwuliza.

Maji yalikuja tarehe nane Mei, siku ya soko, saa nane mchana, jua likiwaka. King'ora hakikulia kama ving'ora vinavyolia. Kiliita. Kiliita kwa sauti ya Perez, ile ya kuita mtu aliye ng'ambo ya ua, na kiliwaita wenye nyumba za bondeni kwa majina yao, mmoja mmoja, kila mmoja mara mbili. Watu walisimama kwenye jina la kwanza na kuondoka kwenye la pili. Nasambu aliitwa akiwa kibandani, akasema asante, akaenda nyumbani kwake bondeni kumtoa mama yake. Wapangaji wapya, ambao Perez hakuwahi kuwajua, nao waliitwa kwa majina kamili. Baadaye mmoja alilalamika kwamba jina lake la katikati si la kutangazwa. Hakuna aliyekufa. Bata wawili walipotea.

Mradi uliandika taarifa. Chifu aliisoma barazani na karani akaibandika ubaoni, chini kidogo ya ile ya mwaka uliotangulia. Ilisema kwamba king'ora kililia ipasavyo, kama kilivyolia mwaka jana, na kwamba safari hii wananchi walitii. Meneja alikuwepo. Alimpa Dishon mkono, akamwuliza hali ya nyumbani.

Ile karatasi ya kwanza bado iko pale. Mstari wa tisa unasomeka vizuri. Mama Celestine, ambaye sasa huja Kisumu kila mwisho wa mwezi, hupita mbele yake akielekea kibandani. Wakati mwingine husimama, akaweka kidole chini ya neno "walikisikia", akakiondoa, akaendelea na safari yake.

Dishon amenunua shuka nyingine mbili. Huzifua Jumamosi na kuzianika pale pale nyuma ya nyumba, halafu huenda kazini. Mara nyingine anakuwa ameinamia simu ya mtu, na mawingu yanakusanyika upande wa Nandi ambako yeye haoni. Ndipo sauti inapomfikia kutoka darajani, ikipita juu ya mabati na karai la Nasambu.

"Owiti."

Huweka chuma chake cha kuchomelea pembeni, akangoja.

"Owiti. Shuka."

Naye hufunga kibanda, akaenda kuzianua.